Mmoja Katika Kila Wanawake Wanne

Ukimwuliza Yeom Bok-dan kama anamfahamu mtu fulani hapa Wonju, mji wa Korea, hatakuuliza mtu huyo ana sura gani. Atakuuliza, "Mgongo wake ukoje?" Wala hatanii. Kwa miaka ishirini na sita kazi yake ni kusugua watu nongo katika hamamu ya wanawake ya Songhak, nyuma ya soko, na kazi hiyo humkutanisha mtu na dunia kwa upande wa nyuma. Sura hazimkai kichwani kabisa. Siku moja sokoni mwanamke mmoja aliinama kuchagua figili, blauzi ikapanda, na Bok-dan akaona kovu la tetekuwanga juu kidogo ya kiuno. "Aa! Kumbe ni wewe, mteja wangu wa kila Jumanne!" akapaza sauti kwa furaha. Mwanamke wa watu alitamani ardhi ipasuke immeze, figili na vyote.

Ana miaka sitini na mmoja, mfupi, mabega kama ya mchukuzi wa magunia, viganja vimekunjamana kwa maji. Majirani humwita Mama Hwan, kwa jina la mwanawe aliyeko Ulsan kwenye karakana ya meli. Kilema chake ni udadisi. Si umbea, tusimsingizie. Mmbea anataka kusema. Bok-dan anataka kujua tu, na akishajua hutulia kama mtu aliyeshiba. Wateja hulala kwenye meza yake uchi kama walivyozaliwa, wakimpa migongo na habari za wakwe zao. Yeye husikiliza yote, kisha humwaga ndoo ya maji, na yote huenda na nongo.

Sasa, wanawake watano wa pale Songhak walikuwa na upatu wao wa miaka tisa, na Bok-dan ndiye aliyekuwa kijumbe. Upatu huo haukuwa wa kupokezana. Waliziweka pesa benki zikae, kwa sababu mzee mwenye hamamu alikuwa amechoka, na alishawaambia waziwazi: wakileta pesa za dhamana ya pango kabla ya majira ya kuchipua, atawakodisha hamamu waiendeshe wenyewe, wasipoleta, anaivunja na kufanya maegesho ya magari. Hamamu hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwalisha, wote watano. Na benki isingetoa hata woni moja bila muhuri wa Bok-dan, muhuri mdogo wa mbao aliouweka ndani ya soksi, soksi ndani ya mtungi wa chumvi.

Dhamana ilikuwa karibu kutimia. Hapo ndipo Chil-sun alipoanza kuimba wimbo mpya.

Chil-sun ndiye aliyekaa kwenye kibanda cha mlangoni, akipokea kiingilio, akitoa funguo na taulo, akiuza mayai ya kuoka. Mjane, mdogo wa Bok-dan kwa miaka miwili, na mdomo wake haukujua mapumziko. Tangu mwanzo wa kiangazi alikuwa akienda kila asubuhi kwenye ukumbi wa Saeonmaek, kampuni ndogo ya pale mjini iliyotengeneza mkanda wa joto wa kutibu mgongo. Ukumbi ulikuwa juu ya duka la viatu. Akina mama walijilaza kwenye mikeka wamefungwa mikanda, wakaimba, wakacheka, wakapewa trei ya mayai au karatasi za chooni, wakarudi nyumbani. Kununua si lazima. Kumbi za namna hiyo hazikosekani mji wowote wa huku, na mwanamke asiyewahi kubeba karatasi za bure kutoka humo labda amezaliwa jana.

"Dada, sikiliza," Chil-sun alisema siku moja, akimenya yai. "Wanauza hisa. Si mikanda, hisa! Mwakani kampuni inaingia soko la hisa, na anayenunua sasa hivi, zake zinazaa mara nne."

"Zinazaa? Ni sungura?"

"Cheka tu. Upatu wetu tukiuweka pale miezi sita, hatukodishi tena hamamu. Tunainunua! Au unataka kusugua nongo za watu mpaka kucha zako ziote mvi?"

"Chema chajiuza, Chil-sun. Kibaya ndicho kinachojitembeza."

"Na wewe kwa methali! Twende ukaone kwa macho yako. Wenzetu watatu wameshakubali. Umebaki muhuri wako tu."

Kusema kweli, Bok-dan hakukataa moyoni. Vifundo vya mikono yake vilikuwa vikimwuma kila asubuhi, kiasi kwamba kufungua mtungi wa kachumbari ya kimchi ilibidi auminye kwa mapaja. Alitamani sana jambo hilo liwe kweli. Akaenda.

Mkurugenzi Tak aliwapokea mlangoni kwa kuinama mpaka tai ikagusa magoti. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini hivi, viatu vinang'aa, sauti ya asali. Nyuma yake kulikuwa na bango kubwa lenye picha ya bibi mmoja mchangamfu, ameinua mikono yote miwili juu, na maneno makubwa: "NILIITUPA FIMBO!" Chini yake kwa herufi ndogo: Bibi Gong, miaka sabini na mbili, mkazi wa Wonju.

"Mama zangu!" Tak alianza. "Nani jana usiku alilala bila kuugulia mgongo?"

Mikono ikapanda. Chil-sun aliinua miwili.

"Mnaona? Katika kila watumiaji mia, themanini na saba wamepata nafuu ndani ya mwezi mmoja. Na hapa Wonju, mama zangu, katika kila wanawake wanne waliopita miaka hamsini, mmoja anavaa mkanda wetu kila jioni. Mmoja katika kila wanne! Kampuni gani nyingine ina bahati hiyo? Na mtu akikwambia haya ni kiinimacho, mwambie atazame kiuno chako."

Akamwomba Chil-sun asimame. Chil-sun, bila haya, akageuka na kupandisha blauzi. Juu ya kiuno, kila upande wa uti wa mgongo, kulikuwa na doa jekundu-kahawia lenye michirizi, kubwa kama mdomo wa kikombe.

"Maua ya joto!" Tak alisema. "Damu imeamka. Kila anayevaa mkanda wetu, hata mara tatu tu kwa wiki, maua haya yatachanua, na hayafutiki kwa mwezi mzima. Mashine ya uongo haiachi alama."

Bok-dan aliyajua madoa ya namna hiyo. Wazee wanaolalia sakafu yenye moto mkali huyapata kwenye mapaja. Ni ngozi iliyobabuka taratibu, hakuna ua pale wala jani. Lakini si hilo lililomwasha. Aliinua mkono.

"Mkurugenzi, mwanangu. Hayo maua ni kwa kila anayevaa?"

"Kila anayevaa, mama."

"Na wanaovaa ni mmoja katika kila wanne? Wanawake wa hapahapa Wonju?"

"Hapahapa. Pengine ni zaidi, ila sisi si watu wa kujisifu."

Masikini Tak. Angejua anayemjibu hufanya kazi gani, angemeza ulimi wake. Bok-dan alishukuru, akapokea trei yake ya mayai, akashuka ngazi kimya. Chil-sun alimfuata akimvuta mkono. "Umeona? Umeona, dada?"

"Sijaona bado," Bok-dan akajibu. "Nipe mpaka sikukuu ya mavuno, Chuseok. Nikiona, nitapiga muhuri mwenyewe."

Kesho yake aliweka chupa mbili ndogo tupu za maziwa ya mgando kwenye rafu ya sabuni, na kikombe cha maharage. Kila mteja aliyevuka miaka hamsini aliyelala kwenye meza yake, akimaliza kumsugua, Bok-dan alidondosha harage moja. Jekundu kwa mgongo msafi. Jeusi kwa mgongo wenye maua. Wateja walidhani ni dawa ya kienyeji, wakamwuliza ya nini. "Ya kukumbuka," alisema, na haukuwa uongo.

Siku tatu za kwanza, mekundu kumi na tisa, jeusi moja, nalo la Chil-sun. Bok-dan akajiambia labda ni bahati mbaya tu. Wiki ikapita, chupa ya mekundu ikafika shingoni. Ndipo alipoanza kuuliza, polepole, mkono ukienda juu na chini.

"Mama, ule mkanda wa Saeonmaek unaujua?"

"Ninao! Mkwe wangu aliniletea. Uko juu ya kabati."

Mwingine alisema wake ameufunga kwenye kikapu cha paka, maana paka wake ana baridi yabisi. Mwingine, fundi wa kupika kutoka mtaa wa Danggu, alimwambia kwa siri kubwa: "Mimi nauzungushia sufuria la soya. Mama Hwan, soya inachacha ajabu! Siku mbili tu, inavuta nyuzi kama ya bibi yangu. Usimwambie mtu."

Bok-dan alicheka mpaka povu likamwingia mdomoni. Lakini hamu yake ilizidi. Kumbe watu walikuwa wameununua, angalau baadhi. Waliujaribu, wakauacha. Kwa nini? Haukuwasaidia? Uliwachosha? Mmoja akasema unamletea usingizi mzuri lakini asubuhi mgongo uko vilevile. Mmoja akasema unasaidia kweli, anauvaa kila siku. Huyo alikuwa na maua, na Bok-dan akampa harage jeusi kwa heshima zote.

Baada ya wiki mbili migongo ilipita mia moja na sitini. Meusi yalikuwa matano. Akamwonyesha Chil-sun kibandani.

"Watano!" Chil-sun akabetua midomo. "Na wewe unaita huo ushahidi? Mwenye mkanda ana joto lake nyumbani, aje hamamu kufanya nini? Unahesabu samaki msituni, halafu unasema mtoni hamna kitu."

Bok-dan alisimama na kikombe chake cha maharage, ameduwaa. Hoja ilikuwa na miguu. Hakuifikiria hata kidogo. Usiku ule na kesho yake aliigeuzageuza, na kila alipoigeuza aliiona ni hoja halali. Hakukasirika. Alifurahi, kama mtu aliyeonyeshwa mlango ambao hakujua upo.

"Sawa," alimwambia Chil-sun. "Lakini mkesha wa Chuseok, nani anabaki nyumbani?"

Mkesha wa Chuseok hakuna abakiye. Mwenye bafu la marumaru nyumbani anakuja, mwenye mafua anakuja, binti aliyeolewa mbali anamleta mama mkwe. Huendi kusimama mbele ya makaburi ya wazee wako na nongo za mwaka mzima shingoni.

Siku hiyo foleni ilitoka nje mpaka kwa muuza samaki wa kukausha. Bok-dan alisugua kwenye meza moja na Mama Yun kwenye meza ya pili. Mama Yun naye alikuwa mwenzao wa upatu, mtu mwepesi wa kukubali kila kitu. Alikuwa amemkubalia Chil-sun, kisha akamkubalia Bok-dan kushika kikombe chake cha maharage. Wale ambao hawakulala mezani, Bok-dan aliwatazama walipokuwa wamekaa kwenye vigoda wakijimwagia maji, safu nzima ya migongo, akidondosha mekundu kwa kiganja. Mvuke, kelele, watoto wanalia, mabibi wanagombea ndoo. Kufika adhuhuri aliacha kuhesabu mekundu moja moja. Meusi aliweza kuyahesabu kwa vidole, na bado akabakiwa na vidole vya kukunia.

Ndipo akapanda mezani bibi mmoja mwembamba, mchangamfu, akajilaza kifudifudi bila kusaidiwa.

Mama Yun alimsogelea Bok-dan akamnong'oneza sikioni kwa nguvu, "Ni yeye!"

"Nani?"

"Wa bango! Fimbo! Huoni?"

Bok-dan hakuona. Kwake ilikuwa sura ya bibi, basi. Alitazama pale alipojua kusoma. Kutoka katikati ya mgongo mpaka kiunoni ulikuwa umeshuka mstari wa kovu, bado wa waridi, na vitone vya mshono pande zote mbili. Kushoto na kulia kwa kovu, ngozi ilikuwa safi kama unga wa mchele.

Alimwagia maji ya uvuguvugu kwanza. Kisha akaanza kusugua.

"Mama, mgongo huu umefanya kazi. Kovu la lini?"

"La mwaka jana, mwezi wa tatu," Bibi Gong akajibu, shavu likiwa limebanwa mezani. "Seoul. Wamenitia skrubu nne! Mwanangu anasema nikipita kwenye sumaku nitanasa hapohapo kama kibanio."

"Pole mama. Na sasa?"

"Sasa? Napanda kilima. Yule daktari ana mikono ya dhahabu, kijana mdogo tu, hajaoa."

"Na mkanda wa Saeonmaek?"

"Upi?" Bibi Gong alifikiri. "Aaa, ule wa picha! Niliuvaa siku ya picha. Joto lake tamu. Vijana wenye adabu wale, jamani. Waliniuliza, mama, mgongo umepona? Nikasema umepona. Fimbo iko wapi? Nikasema nimeitupa. Na kweli niliitupa, nimekosea? Wakanipa boksi zima la peasi."

"Hawakuuliza habari ya Seoul?"

"Watu wa kupiga picha waulize mambo ya hospitali ya nini? Hapo kushoto, mama, sugua kwa nguvu, panawasha."

Bok-dan akasugua kwa nguvu. Alikuwa amepata alichokitaka, na badala ya kutulia kama mtu aliyeshiba, alijisikia vibaya. Uchungu wa vifundo vyake ulirudi wote kwa pamoja. Mpaka dakika ile alikuwa bado akitumaini, na hakujua kwamba alikuwa akitumaini.

Sikukuu ikapita. Alasiri ya kesho yake, hamamu ikiwa imefungwa, wanawake wote watano walikaa kwenye sakafu ya chumba cha kuvulia nguo, sahani ya mikate ya mchele iliyobaki katikati. Bok-dan akamwaga maharage yote kwenye sinia. Hakueleza sana. Meusi tisa yalizama ndani ya mekundu, ikabidi ayatafute kwa kidole. Kisha akasimulia habari ya Bibi Gong, neno kwa neno, na sumaku yake.

Mama Yun alicheka kwanza, halafu akaziba mdomo. Wale wawili wengine wakamtazama Chil-sun.

"Wewe na maharage yako!" Chil-sun alisimama. Uso umemwiva. "Umeona bibi mmoja ana kovu, basi kampuni nzima ya wezi? Nani aliyekupa uprofesa? Msugua nongo!"

"Na wewe muuza mayai," Bok-dan akasema. "Keti."

"Siketi! Kila siku wewe ndiye mwenye akili. Kila siku muhuri, muhuri, muhuri..."

"Chil-sun. Keti, mdogo wangu."

Akaketi. Akachukua mkate mmoja wa mchele, akaushika tu, hakuula. Kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuisikia kutoka kinywani mwake:

"Zangu nimeshaweka."

"Zipi?"

"Zote. Za marehemu." Fidia ya mumewe, aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi. Miaka kumi na moja hakuzigusa, hata wakati paa lilipovuja. "Tangu mwezi wa saba."

Nje, muuza samaki alikuwa akiburuta meza zake.

"Mbona hukutuambia?" Bok-dan aliuliza, na kwa mara ya kwanza hakuuliza kwa udadisi.

"Niwaambie mseme nimeingia mkenge? Nilitaka tuwe wengi, dada. Tukiwa wengi haiwezi kuwa uongo. Nilikuwa nawaza, dada akiingia, dada asiyedanganyika, basi na mimi nitalala."

Upatu ulibaki benki. Hilo halikuhitaji hata kupigiwa kura. Asubuhi iliyofuata Bok-dan alimshika Chil-sun mkono, wakapanda ngazi za duka la viatu.

Mkurugenzi Tak aliwakaribisha kwa chai ya shayiri. Hakukimbia, hakufoka, afadhali angefoka.

"Mama, hisa si shati, hairudishwi dukani," alimwambia Chil-sun kwa upole. "Lakini mimi ni mtoto wenu. Mkipata mtu wa kuzichukua kwa bei ileile, siku hiyohiyo nabadilisha jina na pesa yako unaibeba. Mama unakaa mlangoni, watu wangapi wanapita mbele yako kwa siku?"

"Yule bibi wa bango ana skrubu nne mgongoni," Bok-dan akasema.

Tak alitabasamu. "Mama, kuna neno lolote kwenye bango ambalo si kweli?"

Bok-dan aligeuka akalisoma tena. Niliitupa fimbo. Jina. Miaka. Mkazi wa Wonju. Alilisoma mara mbili kutafuta tundu, hakuona. Ilibidi akiri moyoni kwamba ni kazi ya fundi.

"Na mmoja katika kila wanne? Mlihesabu vipi? Nauliza tu, mwanangu, nataka kujua."

Nafikiri ni vile alivyouliza, bila ugomvi, ndiyo maana akajibiwa. "Ni hesabu rahisi, mama. Mikanda tuliyotengeneza, gawanya kwa wanawake wa mji."

"Mliyotengeneza. Si mliyouza?"

"Itauzwa," Tak akasema.

Nyuma yake mlango wa stoo ulikuwa wazi kidogo. Maboksi yalipanda mpaka darini. Kumbe waliohesabiwa si wanawake, ni hayo.

Walipofika chini, mbele ya viatu vya bei ya chini, Chil-sun akauliza, "Dada, wewe ungemtafuta mtu wa kumwuzia?"

"Sijui," Bok-dan akajibu. Alikuwa anasema kweli. Alijaribu kuwaza pesa za mwanawe Hwan ziko mle, na hakujua.

Zikapita siku nne. Chil-sun aliuza mayai na kutoa funguo, na mdomo wake, ule usiojua mapumziko, ulikuwa umefungwa. Ukimpa salamu anaitikia kwa kichwa. Maua ya kiuno yalianza kufifia, maana ukumbini hakwenda tena.

Siku ya tano, mchana, Bok-dan alikuwa ametoka kunywa maji, amesimama nyuma ya pazia la mlango wa ndani na glovu ya kusugulia mkononi, aliposikia sauti ya bibi kwenye dirisha la kibanda. Sura asingeikumbuka. Sauti aliikumbuka.

"Wewe ndiye mwenye hisa za Saeonmaek?" Bibi Gong alikuwa akiuliza. "Mkurugenzi amenipigia simu. Anasema kuna mama wa hamamu anataka kuuza zake, nimwahi kabla hajabadili nia. Nimekuja na pesa kabisa. Mwanangu alinipa za kurekebisha jiko, lakini jiko si linapika? Litangoja." Bahasha nene ikatua kwenye ubao wa dirisha. "Nihesabie mwenyewe, macho yangu hayaoni karibu."

Chil-sun hakuigusa bahasha. "Mama, kwa nini unataka kununua?"

"Heh! Picha yangu iko mle ndani, kubwa kama mlango! Kampuni ingekuwa mbaya wangeniweka mimi?"

Nyuma ya pazia Bok-dan alifungua kinywa, akakifunga. Neno moja lake lingetosha. Lakini hakulisema, na baadaye alipojiuliza kwa nini, jibu halikumpendeza: alitaka kujua. Alikuwa amesimama pale, akitaka kujua Chil-sun atafanya nini, kama vile ni mgongo mwingine. Aliona aibu, na bado hakusogea.

Chil-sun aliitazama ile bahasha muda mrefu. Akaivuta kwake. Akainua kifuniko, akaona ndani.

"Mama," alisema, "mgongo wako alikutibu nani?"

"Daktari wa Seoul. Nimeshamwambia mwenzako kule ndani."

"Na mkanda?"

"Mkanda nilivaa mara moja tu."

"Basi hawajakutibu. Hawajamtibu mtu." Akairudisha bahasha ubaoni, akaisukuma kwa vidole viwili mpaka ukingoni upande wa bibi. "Kapigie fundi wa jiko simu leo hii. Leo, mama, usingoje kesho. Na Tak akikupigia tena, mwambie mwenye hisa amekataa kuuza."

Bibi Gong alichukua bahasha yake, amechanganyikiwa, kidogo amekasirika. "Sasa kama ni mbaya, mbona wewe unabaki nazo?"

"Kwa sababu zangu zimeshakwenda, mama."

Bibi alisimama kidogo akimtazama. Kisha, kwa kuwa alikuwa ameshafika na miguu ilimchoka, akalipa kiingilio na kuomba taulo. Chil-sun akampa funguo namba arobaini, akamwonya kwamba dimbwi la kwanza lina moto mkali leo. Bibi Gong akapita pazia, akimpita Bok-dan bila kumtambua.

Bok-dan aliingia kibandani. Kulikuwa na kiti kimoja tu. Chil-sun akasogea, wakakikalia wote wawili, nusu kwa nusu, bado Bok-dan amevaa glovu iliyolowa. Chil-sun alikuwa akilia bila sauti huku akipanga mayai kwenye trei, na Bok-dan hakumwuliza kitu.